Papiyo ya Milimita Hamsini na Saba

Moteri ya kamioneti ya dada yangu niliijenga upya mwenyewe, na kwa muda mrefu niliona haya kulisema hilo kwa sauti. Sikusomea ufundi. Ninachokijua nilikipata kwa kufungua vitu ambavyo wenyewe walikuwa wamevikatia tamaa, na kwa kutazama video kwenye simu, nikizirudisha nyuma mpaka megabaiti zinaisha. Mtu aliyejifunza hivyo hubaki na hofu moja: kwamba kuna somo la kwanza kabisa ambalo mafundi wote walifundishwa, na yeye peke yake hakulisikia. Kwa hiyo nakagua. Boliti nikishaikaza naigusa tena, halafu naigusa tena nikijifanya nafuta vumbi.

Dada yangu mkubwa ananunua mawese Kizuka na kuyateremsha Rumonge. Kamioneti ni yake. Dereva ni mume wake, shemeji yangu, mtu ambaye sijawahi kumwona na haraka isipokuwa akiwa na njaa. Kila Jumamosi gari hupakia bidoni za mafuta za dada pamoja na za kina mama wengine wanaokamua kwenye mtambo uleule. Kina mama hawaachi mafuta yao yasafiri peke yao. Wanapanda nyuma, kila mmoja amekalia bidoni zake, na zile ambazo vifuniko vyake vilipotea zamani huzibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa.

Tatizo letu lilikuwa mpando. Mtambo uko bondeni, na barabara ya udongo hupanda kwanza kabla ya kuanza kuteremka kuelekea ziwani. Moteri ya zamani haikuweza kuvuta mafuta na watu pamoja. Basi ikawa desturi: chini ya mpando shemeji anagonga mlango kwa kiganja, kina mama wanashuka bila kuambiwa neno, wanatembea nyuma ya gari, na huko juu wanapanda tena wakihema. Waliizoea kiasi kwamba waliendelea na mazungumzo yao bila kuyakatiza. Ni mmoja tu aliyelalamika, mama mwenye goti bovu, aliyefika juu wa mwisho kila wiki, na kila wiki akasema kwamba yeye hajaona gari la namna hii, ambalo abiria wanalisindikiza.

Kisha lori jingine likaanza kupita mtamboni, lenye nguvu, na dereva wake hamshushi mtu. Dada alielewa haraka kuliko sisi sote. Kina mama wakihama, gari lake litakuwa linapanda na kushuka nusu tupu. Ndipo aliponiruhusu nifungue moteri. Silinda zilitanuliwa Bujumbura, mimi nikaweka pistoni kubwa zaidi, nikabadilisha shafti inayofungua valvu, nikachomelea bomba pana la moshi. Moteri ilikua kwa moja ya tano ya ukubwa wake wa kwanza. Iliwaka mara ya kwanza nilipoizungusha, na mimi badala ya kufurahi nikaanza kufikiria papiyo.

Papiyo ni neno tulilolichukua kwa Wafaransa. Ni kopo fupi la aluminiamu, wazi pande zote mbili, lenye kisahani ndani kinachogeuka kwenye mhimili wake. Huku watu husema "kanyaga esanse", lakini mguu wa dereva haugusi esanse, yaani petroli. Unavuta kamba, kamba inageuza kisahani, hewa inaingia, na esanse inakuja kuifuata. Kila pumzi ya moteri inapita kwenye kopo lile. Yangu ilikuwa papiyo ya zamani, tundu lake milimita hamsini na nne, iliyotengenezwa kwa ajili ya moteri ndogo kuliko hii. Nilikuwa nimejenga kifua kipya nikakiachia pua ya zamani.

Nikaagiza nyingine kwa wauza vyuma vya magari yaliyokufa. Ikaja ya milimita sabini, kubwa, inang'aa. Nikaziweka mezani pamoja na nikashindwa kuchagua. Asubuhi naifunga hii, mchana naiona ile, naifungua tena. Nawaambia ukweli: sehemu yangu moja ilipenda hali ile. Moteri ikiwa wazi, hakuna anayeweza kusema imeshindwa.

"Mudogo wangu," dada akaniuliza, amesimama mlangoni na kitambaa begani, "hiyo moteri inafanya kazi ao haifanyi?"

"Inafanya. Lakini..."

"Lakini ya nini?"

Nikamweleza habari za hewa. Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mtoza ushuru.

"Sawa. Ijumaa kabla jua halijazama, unafunga kapo, unafunika hiyo moteri. Jumamosi tunapakia. Kama hujaifunga, ao kama imetushinda pale mpandoni, Jumatatu gari naipeleka kwa mafundi wa Bujumbura, na wewe hutaigusa tena."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Moteri ile ilikuwa kitu pekee nilichowahi kukijenga tangu mwanzo.

Nilihitaji kujua, si kukisia, kwa hiyo nikatengeneza kipimo. Nilinunua famasi mpira wa seramu, wa kuwatundikia wagonjwa dripu, ule mwembamba unaoonyesha ndani, wenye kigurudumu kidogo cha kuubana. Nikaukunja kama ndoo isiyo na mpini, chini umepinda, pande mbili zimesimama, nikaufunga kwenye ubao ndani ya kabini. Ncha moja niliiacha wazi. Nyingine niliiunganisha na njia ya hewa, nyuma ya papiyo. Ndani nikatia kioevu. Wazo lake ni jepesi: dereva akikanyaga mpaka chini na bado tundu halitoshi, moteri hunyonya, na kioevu kinapanda upande mmoja na kushuka mwingine. Tofauti ikiwa kubwa, moteri imebanwa pumzi.

Maji hayaonekani vizuri kwenye mpira ule gari linapotikisika. Nikatumia kilichokuwa karibu, kile ambacho nyumbani kwetu hakikosekani: mawese. Si yale mazito ya chini, bali yale mepesi yanayoelea juu, mekundu, yanaonekana hata ukiwa umefinya macho. Nilijisifu kidogo kwa ubunifu ule.

Sharti lilikuwa moja. Kigurudumu kifunguliwe tu mguu wa dereva ukiwa umefika chini, na kifungwe kabla hajauinua. Akiuinua wakati mpira uko wazi, kisahani kinajifunga, moteri inanyonya kwa nguvu zake zote, na kipimo chote kinakwenda ndani.

"Umeelewa, shemeji?"

"Nimeelewa. Nisiinue mguu mpaka uniambie. Hata nikiona mbuzi?"

"Usipite mahali penye mbuzi."

Esanse siku hizo ilikuwa ya kutafuta. Dada alitupa bidoni moja tu kwa majaribio yote. Tulijaza gari bidoni za maji ya ziwa zenye uzito wa mzigo wa Jumamosi, tukaenda mpandoni na ile papiyo ya hamsini na nne. Shemeji akakanyaga mpaka chini. Nikafungua kigurudumu. Mawese yakapanda, yakatulia yakitetemeka. Sikuwa na mkono wa tatu wa kushikia mita, nikaweka mkono wangu mwenyewe kwenye ubao: dhiraa kamili, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Hiyo ni nyingi. Pale barabara inapokunja nilikuwa bado nimeinama kuhakikisha kipimo, wakati baiskeli iliyobeba mikungu ya michikichi mirefu kuliko mwenye baiskeli ilipoteremka katikati ya njia.

Shemeji akainua mguu. Nani asingeinua?

Sikuyaona mawese yakiondoka. Nilitazama mpira, ukawa mtupu. Moteri ikakohoa, ikazimika, shemeji akaiwasha tena, na nyuma yetu likatoka wingu zito jeupe, na katika wingu lile harufu ya jiko la mtu anayekaanga. Wanawake waliokuwa wakiuza mihogo kando ya njia wakasimama.

"Eeeh! Munapika nini humo ndani?"

"Ndagala!" shemeji akajibu kwa dirisha. "Muje na ugali!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye dashibodi kama mtu anayesali, nikihesabu kichwani kila kitu ambacho mafuta ya kula yanaweza kuharibu. Hayakuharibu kitu. Tuligeuza gari bila kumaliza mpando, nikasafisha plagi, na moshi ukaisha baada ya muda. Harufu ilibaki. Jirani zetu waliamua kwamba dada amepata njia ya kuishi bila esanse, na wawili walikuja kuniuliza kwa sauti ya chini ni mawese kiasi gani.

Siku iliyofuata tukafunga ile ya sabini. Safari hii dada alikuja, na hakukaa mbele. Alipanda nyuma pamoja na bidoni mbili za mawese ya kweli zilizozibwa kwa majani, akakaa juu yake kama anavyokaa kila Jumamosi. Kipimo kilinifurahisha: mawese hayakufika hata shibiri. Moteri ilikuwa inapumua. Nilikuwa nimeshageuka kumwonyesha shemeji, nikaona anauma mdomo.

Kwenye papiyo pana hivyo, kukanyaga kidogo si kidogo. Shemeji aligusa kwa kidole gumba cha mguu, maana yeye huendesha peku, na gari likaruka. Akaachia, likainama. Akagusa, likaruka. Barabara yetu ina mashimo, na mtu hapiti kwenye mashimo kwa kukanyaga mpaka chini. Anapita kwa kugusa na kuachia, kugusa na kuachia. Nyuma tukasikia dada anapiga paa la kabini kwa ngumi.

Alishuka bila msaada. Jani moja lilikuwa limechomoka, na kitenge chake kilikuwa chekundu kuanzia kiunoni hadi chini.

"Hii iko chura," alisema. "Mimi siwezi kupandisha wamama kwa mugongo ya chura."

Shemeji alijitahidi kutazama ziwa.

Nilirudi nyumbani nikakaa na kalamu. Nilipokuwa nikizitazama zile papiyo mezani nilikuwa nikilinganisha upana wake tu, na hewa haipiti kwenye upana, inapita kwenye tundu zima. Ukizidisha upana kwa upana unaona haraka: tundu la sabini linapita mara moja na nusu ya lile la hamsini na nne, wakati moteri yangu iliongezeka moja ya tano tu. Nilichohitaji ni sitini. Hesabu ikakaa vizuri mno, moja ya tano na kidogo, nikahisi utulivu ambao sijui niufananishe na nini. Tatizo ni kwamba papiyo ya sitini sikuwa nayo, wala hapakuwa na muda wa kuitafuta. Njia ilikuwa kuichukua ile ya zamani, inayoingia kwenye moteri yetu bila hila, na kuitanua. Ikishakatwa haina namna ya kurudi.

Ijumaa asubuhi nikaipeleka kwa tuneri, fundi wa kukereza vyuma mwenye mashine karibu na bandari. Aliifunga kwenye mashine, akanitazama.

"Unaogopa ya nini? Iko aluminiamu, si mutoto."

"Toa kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo ndiyo kazi yangu."

Alipitisha kisu, akapima. Hamsini na tano. Akapitisha tena, vumbi jeupe likadondoka kama unga. Kila alipopima, mimi nilipima baada yake, na alinivumilia. Alipofika hamsini na saba akarudisha kisu mwanzo ili aendelee, na hapo mlio wa mashine ukaanza kushuka, taratibu, mpaka ukanyamaza. Taa juu yetu ilikuwa imezimika.

"Wamekata," akasema.

"Umeme unarudi saa ngapi?"

"Uliza waliokata."

"Na jenereta?"

"Jenereta iko. Esanse ndiyo haiko."

Tulingoja. Alikula, akalala kidogo juu ya benchi, akaamka akaniona bado nimesimama palepale nikiitazama taa. Jua lilikuwa limeshavuka utosi zamani. Akaifungua papiyo kutoka kwenye mashine, akaiweka mkononi mwangu, imeshapoa kabisa.

"Chukua hii. Tundu ni laini, angalia. Kisahani utakata mwenyewe kwa tupa." Akanipa kipande cha bamba la shaba kilichobaki kwenye kazi ya boti ya mtu.

Hamsini na saba. Hakuna hesabu iliyoichagua. Nilitembea hadi nyumbani nikiichukia namba ile.

Kisahani nikakikata nyuma ya nyumba, nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Unapiga tupa, unakitia ndani ya kopo, unakielekeza kwenye jua, unatazama. Pale panapopita mwanga ndipo panapopita hewa. Mwanzo kilikataa kuingia. Kisha kikaingia na kukwama. Kisha nikaona duara la mwanga, jembamba kama unywele, limezunguka karibu pote, isipokuwa upande mmoja ambako lilikuwa nene kama nyuzi mbili za kushonea. Ningeweza kukata kingine. Bamba lilibaki la kutosha. Lakini jua lenyewe ndilo lililokuwa taa yangu ya kupimia, na lilikuwa linakwenda kuzama nyuma ya milima ya Kongo. Dada alikuja akasimama kando yangu, akalitazama jua. Nikaifunga papiyo na nyuzi zake mbili, nikafunga kapo, nikagusa komeo lake mara moja. Nadhani mara moja. Labda mbili.

Jumamosi tulipakia mtamboni mpaka springi zikanyooka. Kina mama walipanda, wakasalimiana, wakakalia bidoni zao, wakaniuliza kama leo pia tunapika. Mimi nilikaa mbele na ubao wangu wa mawese. Tulipofika chini ya mpando, mkono wa shemeji ukatoka dirishani na kugonga mlango.

Ulikuwa mkono tu. Yeye mwenyewe hakujua kwamba umegonga. Na kina mama nao, bila kukatiza mazungumzo, wakashuka wote.

"Hapana, hapana!" dada akapiga kelele kutoka nyuma. "Pandeni! Leo hamushuki! Moteri ni mupya!"

"Tumeshashuka," mmoja akamjibu, tayari anatembea. "Mutukute huko juu."

"Sasa niende ao ningoje?" shemeji akaniuliza.

Nilitaka kulia. Jaribio langu lote lilikuwa uzito ule, na uzito ule ulikuwa unatembea kando ya dirisha langu ukizungumzia bei ya sabuni. Kisha nikasikia sauti ya yule mama mwenye goti.

"Mimi sishuki. Minangojea siku hii. Dereva, kwenda!"

Tukaenda, na bidoni zote, na dada, na mama mmoja. Shemeji aligusa kwa kidole gumba, na gari likasogea kama mtu anayeinuka kitini bila kuamsha mtoto. Halikuruka. Mpando ulipokaza akashusha mguu mpaka chini, nikafungua kigurudumu, mawese yakapanda, nikaweka mkono: dhiraa konde, kutoka kiwiko hadi kwenye ngumi iliyofumbwa. Nikafunga. Nikasema "sasa", naye akaniambia hana haja ya kuinua mguu, gari linapanda. Lilipanda gia ya pili, bila kushuka ya kwanza, kupita penye kona ya baiskeli, hadi juu.

Shemeji akazima moteri kuokoa esanse. Kukawa kimya. Chini tuliwasikia kina mama wakitukana, maana walikuwa wamezoea gari wanalolisindikiza, si gari linalowaacha.

"Ndiyo mara ya kwanza wananitukana wakiwa mbali," shemeji akasema. "Iko vizuri."

Mama mwenye goti akasimama juu ya bidoni zake, akaweka viganja mdomoni.

"Pole pole, wamama! Mutaumia magoti!"

Nitasema na hili, kwa sababu ndilo linalonirudia. Kutoka dhiraa kamili hadi dhiraa konde si mbali. Ni urefu wa vidole vilivyokunjwa. Na kwa ile ya hamsini na nne hatukuumaliza mpando, tulizuiwa na baiskeli. Huenda ingefika juu vilevile. Huenda kazi yote ilikuwa imeshafanywa na pistoni, na mimi nilipoteza wiki kwa ajili ya milimita tatu. Sitajua, kwa sababu tundu lile la zamani lilibaki vumbi sakafuni kwa tuneri. Kwa mtu kama mimi hilo lilipaswa kuwa mateso. Linaniwasha, sikatai. Lakini pale juu, ziwa likiwa limetandaa chini yetu hadi ng'ambo na yule mama akiwapigia kelele wenzake, lilikuwa linaniwasha kwa mbali.

Hata hivyo nilishuka nikaenda mbele ya gari. Nilikuwa nafikiria zile nyuzi mbili za mwanga. Nilitaka kuinua kapo, nitazame tu.

Dada alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa ametandika kitambaa juu ya kapo, maana joto lake linafaa kwa chakula, na juu ya kitambaa akafungua ugali wa muhogo na ndagala zilizokaangwa.

"Nataka kuangalia kitu," nikasema.

"Kula."

"Ni dakika moja."

"Jumatatu utaangalia. Iko na mafuta ya kumwaga Jumatatu, iko na breki ile ya nyuma inalia. Nani ataifanya?" Akanikatia tonge, akalisukuma upande wangu. "Kula, kabla hawajafika. Wakifika hawatatuachia kitu."

Nikala nikiwa nimesimama, kiwiko juu ya kapo, nikisikia chini yake moteri ikipoa na kutoa vilio vidogo vya chuma. Kina mama wakatokea kwenye kona, wamekunja vitenge, wanahema, na yule wa kwanza, alipopata pumzi ya kusema, akasema wiki ijayo shemeji agonge mlango mpaka mkono uvimbe, yeye hashuki.